Chuma Kilichomuua Mbogo

Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo! Ndivyo Ireri wa Njura alivyokuwa akisema, tena kwa sauti, huku akipanda njia ya kwenda kwa Wamuyu, shemeji yake, na hapakuwa na wa kumjibu isipokuwa mbuzi wa jirani. Chai aliiacha mezani ikifuka. Ednah, mkewe, alimwita mara mbili kutoka mlangoni, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "Baba Njura, kunywa chai kwanza!" naye akajibu bila kugeuka, "Kunywa wewe!" Kwapani alibana mkebe wa kakao uliofungwa kwa waya. Wanawake waliokuwa wakichuma majani chai ng'ambo ya kijito walinyoosha migongo wamtazame, maana Ireri akikasirika ni kitu cha kutazamwa, na asubuhi hiyo alikuwa na hasira ya kutosha kugawia tarafa nzima.

Hasira yenyewe ilikuwa hii. Saa mbili, pale dukani, alikuwa ameambiwa kwamba Karimi, binti wa marehemu ndugu yake Mbogo, amerudi kutoka Chuka na kamba mpya na chuma cha kushika kamba, na kwamba leo hii anapanda ule mkaratusi ulioinamia nyumba ya mama yake. Kwa chuma! Tena msichana! Katika boma la Njura, ambalo chuma cha aina hiyo hiyo kililichimbia kaburi!

Kwa asiyekijua, chuma cha kushika kamba ni kitu cha kutoshea kiganjani. Kamba hupita katikati yake, na ndani mna ulimi wenye meno madogo. Ukikisukuma juu, kinapanda na kamba bila ubishi. Ukikining'inia, ulimi unageuka, unaibana kamba, na hakishuki hata kidole kimoja mpaka ukiachilie mwenyewe. Mpandaji anakifunga kwenye mshipi wake wa kiunoni, na kamba inakuwa imeshapitishwa juu ya tawi nene. Akiteleza, anabaki akining'inia pale pale alipoteleza. Hiyo ndiyo kazi yake. Cha Mbogo hakikuifanya.

Sasa, msidhani Ireri alikuwa mtu wa hasira tangu tumboni. La. Ireri alikuwa mtu wa mafuta. Baba yao, Njura, alikuwa akipandisha mizinga ya nyuki kule Mbeere, na aliwafundisha wanawe wawili kupanda kwa kamba ya katani iliyozungushwa mti na kiuno. Ireri alianza, Mbogo akafuata miaka saba baadaye, na wote wawili wakaishi kwa kupogoa mikima, ile miti ya kuni na mbao inayosimama kando ya kila shamba la kahawa na chai. Kutoka Kianjokoma mpaka Runyenjes, ukiona mkima uliopogolewa vizuri ukabaki umesimama wima kama mtu aliyetoka kwa kinyozi, huenda ulipitia mikononi mwao. Na popote Ireri alipokwenda, alikwenda na kopo la oili chafu, ile oili nyeusi iliyokwisha kutumika kwenye injini, aliyoiomba kwa mwenye posho mill, mashine ya kusaga mahindi. "Kila chuma kina kiu," alikuwa akisema. Akapaka panga. Akapaka bawaba za mlango wa kanisa bila kuombwa. Akiingia kwako kukusalimu, kabla hajaketi ameshapaka komeo lako, na mikono haijanawa, na chai anaipokea hivyo hivyo. Watu walimcheka, na walimpenda.

Mbogo alikuwa kinyume chake. Baiskeli yake ilipiga kelele hadi mbwa wa ng'ambo waliijua. Mkewe, Wamuyu, aliisikia ikilia kwenye kona ya baya, kile kibanda cha kupimia majani chai, akatia sufuria motoni, na Mbogo alipofika ugali ulikuwa tayari. "Mbona usiipake mafuta?" Ireri alimuuliza kila wiki. "Nikiipaka, mke wangu atajuaje nimefika?" Mbogo akajibu, akacheka.

Chuma kile alikinunua Ireri mwenyewe. Alikuwa ameanza kuhofia maisha ya mdogo wake, kwa sababu Mbogo alipanda kama hana watoto. Akasafiri mpaka Meru mjini, akaingia kwa mzee mmoja aitwaye Muthamia aliyekuwa na duka la kamba na vyuma, akachagua kilicho kizuri kuliko vyote. Miezi minne kikafanya kazi bila kosa. Kisha, Jumatatu moja miaka sita iliyopita, Mbogo akiwa juu ya mkima mrefu, aliegemea nyuma kwenye kamba ili apate nafasi ya kukata. Ireri alikuwa chini akishika kamba ya kushushia matawi. Alisikia kamba ya ndugu yake ikipita ndani ya chuma kwa kasi, sauti ya nguo inayochanika, na kabla hajainua uso Mbogo alikuwa chini, miguuni pake. Hakuinuka tena.

Hapo ndipo hasira ilipoingia ndani ya Ireri, na ilipoingia ikatafuta mtu. Ikampata Muthamia. Mzee wa watu alikuja mazishini kutoka Meru na mkewe, na gunia la sukari, na koti lake jeusi. Ireri akamfukuza mbele ya mchungaji. "Umekuja kuhesabu maiti zako? Muuza vyuma bandia! Toka!" Kisha akasimama juu ya udongo mbichi wa kaburi akaapa: mtu yeyote wa boma la Njura atakayening'inia kwenye chuma tena, asimwite yeye Ireri ndugu, wala baba. Hakukoma hapo. Kila mwezi alipanda gari mpaka Meru, akasimama nje ya duka la Muthamia na mkebe wenye kile chuma, akapiga kelele, "Muuaji! Nunueni kwa muuaji!" Mwaka haukuisha, wateja walikuwa wameenda kwa wengine. Muthamia akafunga duka akarudi kwao Mikinduri, na waliomwona walisema anauza maharagwe kando ya barabara. Ireri alipopata habari hizo alikula vizuri siku hiyo.

Basi huyo ndiye aliyeingia uani kwa Wamuyu, jasho likimtiririka, akanguruma, "Shuka! Shuka sasa hivi!"

"Baba mkubwa, sijapanda bado," Karimi akasema.

Na kweli alikuwa chini, amepiga magoti nyasini akinyoosha mwisho wa kamba aliyokwisha kuipitisha juu ya tawi. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, na kazi yake kule Chuka ilikuwa kukwea miti ya asili kukusanya mbegu za kitalu. Kofia ngumu ilikuwa kichwani, mshipi mpana kiunoni. Nyuma yake mkaratusi ulisimama umeinamia paa la nyumba, mti ambao Mbogo mwenyewe aliupanda ukiwa mche alipooa. Mvua ya mwaka jana ilikuwa imefukua mizizi miwili upande wa juu, na mvua ya Oktoba ilikuwa njiani. Kuuangusha kutoka chini haikuwezekana, ungelala juu ya kitanda cha Wamuyu. Ilibidi mtu apande, aukate kipande kwa kipande kuanzia kileleni. Miaka miwili Ireri alikuwa akisema ataupanda yeye kwa kamba ya katani, "wiki ijayo," na goti lake la kushoto halikumruhusu kupanda hata ngazi za kanisa. Na kila kijana aliyeitwa kuja kuukata, Ireri alimfukuza akiona ana chuma.

"Funga hivyo vitu vyako!" akasema. "Nani kakuruhusu?"

"Mama."

Wamuyu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono imefumbatwa kifuani. "Mimi," akasema. "Nimelala chini ya mti huu nikihesabu kila upepo. Nimechoka, Baba Njura."

"Umechoka mpaka unataka kumzika na huyu?"

"Weee!" Karimi akasimama. "Baba mkubwa, usimseme mama hivyo. Sema na mimi."

Sasa hapo palikuwa na shida. Karimi aliitwa jina la nyanya yake, mama mzazi wa Ireri, na kwa desturi zao Ireri mwenyewe, mzee wa miaka hamsini na tisa, alimwita msichana huyu "Mama." Tangu akiwa mtoto mchanga alimwita hivyo. Utamlaani vipi mtu mwenye jina la mama yako? Hasira ikazunguka ndani ya Ireri ikitafuta pa kutokea, ikatokea mikononi. Akazungusha ule waya, akaufungua mkebe, akakitupa chuma nyasini mbele ya miguu ya Karimi.

"Ndicho hicho! Kitazame! Hicho ndicho kilichomuua baba yako, na wewe unataka kupanda na ndugu yake! Miaka sita nimekiweka. Nimekiweka ili siku moja mtu wa boma hili akisahau, nimkumbushe!"

Karimi hakuwa amekiona tangu baba yake aanguke. Hakuna aliyekuwa amekiona, maana hata kule Meru Ireri aliutikisa mkebe bila kuufungua. Akakiokota taratibu. Kwanza alikishika tu, na macho yakamjaa machozi, kwa sababu mikono ya mwisho kukigusa kazini ilikuwa ya baba yake. Kisha mazoea ya kazi yakamshinda. Akabonyeza ulimi kwa kidole gumba. Ulimi haukusogea. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, ukasogea nusu, ukabaki hapo umekwama. Akaugeuza juani, akakwangua kati ya meno kwa ukucha, na ukucha ukatoka na tope zito jeusi lililochanganyika na unga wa mbao. Akalinusa.

"Nani alikipaka oili chafu?" akauliza.

"Nini?"

"Oili, baba mkubwa. Imejaa humu ndani. Meno yote yamefunikwa."

"Na kuna chuma kisichopakwa mafuta?" Ireri akafoka. "Hata nyinyi mliosoma! Chuma kikikauka kinashika kutu, kinalia, kinakatika. Kila chuma kina kiu!"

"Hiki hakina." Sauti yake ilikuwa ndogo sasa. "Hicho ndicho kitu cha kwanza tuliambiwa Chuka, kabla hata ya kugusa mti. Chuma hiki kinaoshwa kwa sabuni na maji, kinaanikwa, basi. Ukitia oili kwenye ulimi, kamba inateleza. Halafu ile oili inashika unga wa mbao inakuwa kama gundi, ulimi unakwama wazi. Unapanda nacho unaona ni kizima, kwa sababu katika kupanda hakina shida. Ni siku ile unapoegemea..."

Hakumaliza. Hakukuwa na haja.

Kelele za wachuma chai zilisikika ng'ambo. Ireri alikitazama kile chuma mkononi mwa msichana, akatazama vidole vyake mwenyewe, vyeusi kwenye mikunjo kama vilivyokuwa miaka yote. Kisha akasema jambo ambalo, nawaambieni, ningependa kuliruka nisilisimulie, kwa sababu nilimjua mtu huyu na alikuwa mtu mwema. Lakini alilisema.

"Ni baba yako," akasema. "Mbogo. Huenda alikipaka mwenyewe."

Njia ya mwongo ni fupi. Hii haikufika hata mlangoni mwa jiko.

"Mbogo?" Wamuyu akasema.

Alishuka kwenye kizingiti akaja polepole, na sauti yake haikupanda. Ingekuwa heri ipande.

"Mbogo hakuwahi kupaka kitu mafuta maishani mwake. Baiskeli yake ililia mpaka siku tulipomzika. Unajua. Kila mtu hapa anajua." Akasimama mbele yake. "Jumapili ile, kabla ya Jumatatu ile, ulikuja hapa kutoka kanisani na kopo lako. Ulipaka bawaba za mlango huu. Ukapaka panga lake. Ukapaka mpaka mkasi wangu wa kushonea, nikachafua kitambaa cheupe cha mteja. Vitu vya kazi vya Mbogo, na chuma hicho, vilikuwa vimeanikwa hapo kwenye ua kwa sababu vilinyeshewa. Nikakuletea chai ukaipokea na mikono hiyo. Nilikucheka, Baba Njura. Nilikuita fundi."

Ireri akaketi. Hakutafuta kiti, aliketi chini palipokuwa, goti bovu limenyooka mbele yake.

"Kilikuwa kikilia," akasema. "Kilikuwa kimeanza kutu. Nilifikiri..." Akaanza tena. "Nilikipaka mimi. Nilikipaka sana, ndani na nje. Nilitaka kiwe kizuri. Sikujua, shemeji. Naapa kwa kaburi la..."

"Usiape!" Hapo sasa sauti ilipanda. "Usiape tena hapa kwangu! Uliapa mara moja, ona ulipotufikisha! Miaka sita umenifanya nimchukie mtu wa watu. Yule mzee alikuja na mkewe kunipa pole, na mimi niligeuza uso, mimi Wamuyu, nikakataa mkono wake, kwa sababu wewe uliniambia yeye ndiye. Umemfungia duka. Umemtukana dukani kwake mbele ya wajukuu zake. Na mkebe ukaufunga kwa waya! Kwa nini uliufunga kwa waya, Ireri? Ulikuwa ukificha nini?"

Hakuwahi kumwita kwa jina tangu aolewe katika boma lile.

"Sijui," Ireri akasema, na huo ulikuwa ukweli wote aliokuwa nao. Tangu siku Mbogo alipoanguka hakuwahi kukitazama kile chuma. Akikaribia kukitazama, hasira ilikuja, na hasira ilikuwa rahisi zaidi.

Wamuyu alilia kidogo, kwa ghadhabu, akijifuta kwa kanga kama anayejikwaruza. Karimi hakumkumbatia wala hakumkemea yeyote. Aliingia jikoni akatoka na karai la maji moto, sabuni ya kipande na mswaki mkuukuu. Akachuchumaa akaanza kukiosha kile chuma. Maji ya kwanza yalitoka meusi. Ya pili yakatoka meusi. Akakwangua kati ya meno kwa mwiba wa mlimau, akasugua, akabadilisha maji mara nne, na wale wawili wakamtazama. Alipokikausha kwa kitambaa na kukibonyeza, ulimi uliruka ukarudi mahali pake kwa mlio mkali.

Akakipachika kwenye kamba iliyokuwa imening'inia kutoka juu ya mkaratusi, futi mbili tu kutoka ardhini, akajifunga, akainua miguu yote miwili akaachia uzito wake wote. Chuma kikauma. Akajirusha mara tatu, kwa nguvu. Hakikushuka.

"Hakina kosa lolote," akasema. Akakifungua, akakiweka juu ya kitambaa. "Hata hivyo sitapanda nacho. Chuma kilichokwisha kuangusha mtu hakitumiki kupandia tena. Ninacho changu."

Wakati alipokifunga chuma chake na kukijaribu vile vile, futi mbili kutoka ardhini, Ireri alijikokota akainuka, akageuka kuelekea njiani.

"Unaenda wapi?" Wamuyu akamuuliza.

"Nyumbani."

"Huendi. Utasimama hapo. Utainua uso utazame mpaka ashuke. Usipotazama, nitajua."

Akasimama. Ilichukua saa nne na zaidi. Karimi alipanda akikisukuma chuma mbele yake, na kila alipoegemea nyuma kukata, Ireri alishika kitambaa cha suruali yake kwa mikono miwili na midomo yake ikasogea bila sauti. Kila alipoegemea, chuma kilimshika. Vipande vilishuka kimoja kimoja kwa kamba nyingine, vikalala uani bila kuvunja hata bati moja. Ilipofika alasiri mti ulikuwa umebaki kigogo tu, na paa la nyumba lilipata jua ambalo halikuwahi kulipata tangu Karimi akiwa mtoto. Akashuka, akajifungua, akaomba maji ya kunywa.

Wamuyu alikuwa amekiviringisha kile chuma kingine ndani ya kitambaa safi. Akamjia Ireri. Naye akanyoosha mkono kukipokea.

"Ngoja," Wamuyu akasema. "Nawa mikono kwanza."

Ireri akaenda kwenye mfereji. Alinawa mpaka kwenye viwiko, akasugua kila mkunjo wa kidole kwa ule mswaki wa Karimi, na alichukua muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Alirudi na mikono inayodondosha maji. Wamuyu akakiweka chuma viganjani mwake.

"Kesho utapanda gari mpaka Mikinduri," akasema. "Utamtafuta Muthamia hapo anapouza maharagwe. Utampa hiki mbele ya watu, kama ulivyomtukana mbele ya watu. Na umwambie kilikuwa kizuri."